Mama Yaani na Kifuniko cha Sufuria

Wanaosema kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni hawajakaa kwenye kiti cha kinyozi huyu. Yeye angemtoa nyoka, angemnyoa, na nyoka angerudi pangoni akiamini kwamba ana nywele. Kazini alikuwa na sheria moja tu: kichwa cha mteja hakina kasoro. Kiwe na kona, kiwe na bonde, kiwe kimeinama upande mmoja, alikimaliza, akashika kioo kidogo nyuma ya kisogo na kusema, "Safi kabisa." Wateja walirudi. Sheria hiyo ilimlisha yeye na watu wake, ila jioni alipofunga duka alirudi nayo nyumbani.

Asubuhi hiyo alikuwa amenyoa nusu ya kichwa cha fundi baiskeli, mkewe alipovuka barabara mbio bila kutazama kushoto wala kulia. Alikuwa na tepu ya kupimia shingoni na pini mdomoni. Alizitoa pini kwanza, akazichomeka kwenye kola ya gauni, huku akihema.

"Wametuita," alisema.

"Nani?"

"Hospitali. Yaani ile kubwa, yaani wale wa shuka, si unaelewa?"

"Naelewa," kinyozi alisema, na safari hii alielewa kweli. Mashine ya kunyolea ilikuwa bado inanguruma mkononi, akaizima.

"Walioomba kuzishona ni wengi, wamebakiza watatu. Wiki ijayo tunakwenda kusimama mbele ya kamati, kila mtu ajieleze. Wodi zote, baba watoto. Shuka za wodi zote."

Kinyozi alimkumbatia pale pale, na nywele za fundi baiskeli zikahamia kwenye gauni. Fundi baiskeli naye aliinuka kitini na nusu ya kichwa chake, akampa mkono kwa furaha ya kweli.

"Hongera sana, Mama Yaani," alisema.

Tabasamu la mke likapungua. Alivuta mkono wake taratibu, akasema cherehani kinamsubiri, akavuka barabara akitembea.

Jina hilo lilikuwa na mwaka mmoja. Lilizaliwa kwenye mkutano wa wazazi, siku aliyosimama kuomba kushona sare za shule. Usiku wa kuamkia mkutano alikuwa amejaribu hotuba mbele ya mumewe, na mumewe akasema safi kabisa. Kesho yake kila sentensi ilijikwaa kwenye "yaani", na wanafunzi waliokaa madirishani wakaanza kuzihesabu kwa sauti, wote pamoja, kama wanaimba. Sare zikaenda kwa wauzaji wa nguo za kiwandani. Tangu hapo chumba cha mbele, ambacho yeye na wenzake wawili walikiita karakana, kilikuwa na vyerehani vitatu na kazi ya cherehani kimoja. Mara nyingi saa sita mchana viwili vilishafunikwa kitambaa. Walikuwa wamekubaliana kwamba shuka zikikosekana, vyerehani vitauzwa na chumba kitapangishwa.

* * *

Jioni ile meza ya kukatia vitambaa ilisogezwa ukutani, na mke wa kinyozi, fundi cherehani, akasimama mbele ya kamati ya nyumbani. Wajumbe walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mama yake kinyozi, ambaye wote walimwita Bibi, mwenye masikio makali na subira fupi. Wa pili alikuwa binti yao, aliyekuwa kwenye klabu ya mdahalo shuleni na ambaye hakuwahi kushindwa neno na mtu yeyote isipokuwa Bibi. Wa tatu alikuwa kinyozi, aliyekwisha kaa tayari na jibu lake.

Fundi alijifuta viganja, akaanza. Alimshukuru mwenyekiti, akaishukuru kamati, akawashukuru madaktari, wauguzi, walinzi na waliomtangulia kuzungumza. Kisha, yaani, akafika kwenye shuka. Aliongea mpaka jasho likamtoka, na alipomaliza aliketi juu ya rundo la vitambaa kama mtu aliyebebeshwa gunia.

"Klabuni kwetu," binti alisema, "tunaanza na jambo zuri, halafu la kurekebisha, halafu tunamalizia na zuri."

"Mnaufunika ukweli mashuka mawili," Bibi alisema. "Utadhani una homa."

"Ni utaratibu, Bibi. Mtu asivunjike moyo."

"Haya, uvishe."

"Mama, sauti yako inafika mpaka nje, hilo ni zuri. La kurekebisha ni mikono. Unakata kitambaa hewani. Kila ukisema neno, mkasi. Mimi nilikuwa naangalia mkasi, sikusikia bei. Na zuri la mwisho ni kwamba unaijua kazi yako."

Fundi alitazama mikono yake. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa bado vinafunguka na kufunga. Akaikalia.

"Bibi, zamu yako."

"Mimi nilikuwa mgonjwa, nimelala kitandani nasubiri shuka," Bibi alisema. "Nimesubiri shukrani ziishe. Zilipoisha nimeshapona, nimeruhusiwa, niko nyumbani nakunywa uji."

Binti aliangua kicheko. Hata fundi alicheka, kwa sababu lilikuwa kweli na lilisemwa na mtu aliyesikiliza. Kisha wote wakamgeukia kinyozi.

"Safi kabisa," kinyozi alisema.

"Safi wapi?" mkewe aliuliza.

"Kote."

"Nimesemaje kuhusu pindo?"

Kinyozi alipekua kichwani. Alikumbuka kwamba mkewe alisimama, kwamba alipendeza, kwamba taa ilikuwa imemwangukia upande wa shavu. Pindo hakulikumbuka.

"Umesema ni... imara."

"Sijasema chochote kuhusu pindo," mkewe alisema. Hakupaza sauti. Aliinuka akaanza kukunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa.

Kinyozi aliona aibu mbele ya mwanawe, na Bibi hakumwacha apumzike. "Watu baki unawashikia kioo waone visogo vyao," alimwambia, "na mkeo umemnyima. Akaenda kwenye ule mkutano na kisogo hakijanyolewa, watoto wa watu wakahesabu."

"Mama, mimi sipendi kumuumiza."

"Nani kakutuma umuumize? Mwambie."

"Hawezi," fundi alisema bila kugeuka. "Mdomo wake haujui njia hiyo."

Hapo ndipo binti alipoingia jikoni, akarudi na kifuniko cha sufuria na kijiko cha chuma. Alimwekea baba yake mapajani.

"Basi asitumie mdomo. Mama akisema yaani, Baba piga. Mama ukisikia mlio unasimama, unarudi mwanzo wa sentensi, unaisema upya. Mwalimu wetu wa klabu anatufanyia hivyo hivyo kwa kengele."

* * *

Siku zilizofuata nyumba ile haikukalika, na hakuna aliyetaka kutoka. Fundi alihutubia akipiga pasi, alihutubia akichota maji, alihutubia akitia uzi kwenye sindano. Wenzake wawili wa karakana waliacha kazi kidogo waliyokuwa nayo wakawa wajumbe wa muda, na kila mmoja aligundua kwamba alizaliwa kuwa hakimu. Majirani walisikia kang, wakajua Mama Yaani ameteleza. Kang, kang, wakajua ameteleza na kuanguka.

Kinyozi aliipenda kazi yake mpya kupita kiasi. Mkono wake ulikuwa na ukweli wote ambao mdomo ulikuwa umeukosa. Alikaa ameinamisha kichwa, kijiko juu, akilisubiri lile neno kama paka kwenye tundu la panya, na lilipotoka hakuliacha. Siku moja dukani mteja alisema yaani, naye akapiga kitana kwenye chupa ya spiriti kabla hajajizuia.

Na neno lilipungua. Kila jioni lilipungua. Shukrani zilibaki moja, mikono ikatulia, sentensi zikaanza kufika mwisho zikiwa na miguu yote. Hata mezani, Bibi alipoangusha kijiko kwenye sahani, fundi alinyamaza ghafla kisha akasema upya, kwa sauti ya mkutano, "Naomba nipewe chumvi." Walicheka mpaka chakula kikapoa. Kinyozi hakukumbuka ni lini mara ya mwisho nyumba yake ilikuwa na kelele nzuri kiasi hicho.

Sehemu moja tu ilikataa kunyooka. Ilikuwa katikati ya hotuba.

"Mama mkwe wangu alipolazwa pale," fundi alisema, "yaani ile shuka—"

Kang.

"Mama mkwe wangu alipolazwa pale, ile shuka, yaani, kila jioni mimi—"

Kang.

Fundi alimtazama mumewe. Mdomo ulikuwa wazi, na ndani yake kulikuwa na jambo. Alijaribu mara nyingine, akafika palepale, na kijiko kikashuka palepale.

"Basi," alisema. "Hiyo naiacha."

"Mama, hapo palikuwa na kitu," binti alisema.

"Kimeshapita. Tuendelee na kitambaa."

Bibi, mama mkwe mwenyewe, alitaka kusema neno, akalirudisha. Kinyozi alifuta kijiko kwenye shati, akiwa ameridhika na kazi yake.

* * *

Ukumbi wa hospitali ulikuwa na meza ndefu, feni iliyozunguka kwa uvivu, na harufu ya dawa ya kufutia sakafu. Nyuma ya meza alikaa mwenyekiti wa kamati, mzee mnene mwenye miwani. Kulia kwake muuguzi mkuu, mwanamke mrefu aliyevaa saa iliyoning'inia kifuani. Kushoto mhasibu na bwana stoo. Kinyozi aliruhusiwa kuingia kwa sababu ndiye aliyebeba mfuko wa sampuli. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, mfuko magotini, na moyo ukimwenda mbio utadhani yeye ndiye atakayesimama.

Wa kwanza kujieleza alikuwa kijana aliyevaa tai, kutoka kampuni. Alionyesha picha ukutani na maneno yalimtoka kama maji ya bomba. Wa pili hakutokea. Kisha likaitwa jina la karakana.

Fundi alisimama wima. Alishukuru mara moja. Alieleza kitambaa, uzi, kuchemsha, na kwa nini shuka nyingi huchanika kwenye kona. Hakuna yaani hata moja. Mikono ilikuwa imetulia mbele yake. Muuguzi mkuu aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake akaanza kusikiliza, na kinyozi kule nyuma alihisi machozi ya furaha yanamkaribia.

Ndipo ikaletwa chai.

Mwenyekiti alitia sukari kwenye glasi yake, akakoroga. Kling.

"Kila shuka tunaifua kabla ya kuikata," fundi alikuwa akisema, "ili isije ikarudi ikawa fupi—"

Akanyamaza. Akarudi mwanzo. "Kila shuka tunaifua kabla ya kuikata, ili—"

Kling, kling.

"Kila shuka tunaifua kabla ya kuikata."

"Hilo tumeshalisikia, mama," mhasibu alisema.

"Ndiyo. Kila shuka—"

Mwenyekiti alikuwa mtu wa sukari nyingi. Alikoroga huku akimtazama fundi kwa makini, hana habari, na kila kijiko kilipogusa glasi fundi alirudi nyuma. Kijana wa tai aliinama, mabega yakimtikisika. Bwana stoo alimnong'oneza mhasibu, na mhasibu akatabasamu.

Kinyozi alilielewa jambo lile. Mkewe hakuwa amesahau. Alikuwa anatii. Angemtii mwenyekiti na chai yake mpaka jioni, na vyerehani vingeuzwa, na mtaani jina lingepata mdogo wake. Aliweka mfuko chini. Akainuka, akapita viti vyote, akafika mbele ya meza ndefu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, samahani. Naomba hicho kijiko."

Mwenyekiti aliacha kukoroga.

"Kijiko?" mwenyekiti alisema.

"Hicho cha chai."

"Wewe ni nani?" muuguzi mkuu aliuliza.

"Mimi ni mume wake. Ni kinyozi."

Kijana wa tai alicheka waziwazi sasa. Kinyozi, ambaye maisha yake yote alikuwa anachekesha watu kwa makusudi, alijua kwa mara ya kwanza jinsi kicheko kinavyouma kisipoombwa. Aliendelea hivyo hivyo.

"Kosa ni langu, si lake. Nyumbani alipokuwa akifanya mazoezi, kila neno likijikwaa nilikuwa napiga kifuniko cha sufuria kwa kijiko, naye anarudia. Sasa akisikia kijiko anajua amekosea. Hajakosea. Ni chai."

Mwenyekiti alimtazama, akakitazama kijiko, akakitoa kwenye glasi kikitona, akamkabidhi. Kinyozi alikifuta kwa leso, akakitia kwenye mfuko wa shati na kusimama kando ya ukuta.

"Endelea, mama," mwenyekiti alisema.

Lakini fundi hakuwa na pa kuendelea. Hotuba ilikuwa imekatika kama uzi, na ncha yake haikuonekana. Alitazama kamati. Alitazama mfuko wa shati la mumewe, kijiko kikichungulia. Alivuta pumzi.

"Mama mkwe wangu alilazwa hapa," alisema. "Wodi ya wanawake. Yaani..."

Alisubiri. Hakuna kilichogonga.

"Yaani ile shuka ilikuwa ya vipande viwili, imeunganishwa katikati. Mshono unapita chini ya mgongo, toka shingoni mpaka kiunoni. Mama hakuweza kujigeuza. Siku ya tatu nikimwogesha nikaona mstari mwekundu mgongoni, umelingana na mshono. Mimi ni fundi, nikauona mshono kwenye ngozi ya mtu. Basi kila jioni, yaani saa ya kuona wagonjwa, nilikuwa namwinua, naivuta shuka upande ili mshono uangukie pembeni. Asubuhi wakitandika unarudi katikati. Jioni nauondoa. Mume wangu alikuwepo, alikuwa anawachekesha wagonjwa wa kitanda cha pili, na walihitaji kuchekeshwa. Mama alikuwa ananishika mkono hapa, kwenye kifundo, mpaka nimalize. Sijawahi kulisema jambo hili likafika mwisho."

Alitazama chini, kisha akatazama mbele tena.

"Shuka zetu hazina mshono katikati. Ni kitambaa kipana, kipande kimoja. Zina pindo kichwani na miguuni tu. Nimemaliza."

Muuguzi mkuu aliinuka, akatoa sampuli kwenye mfuko mwenyewe, akaitandaza mezani juu ya karatasi za mhasibu. Alipitisha kiganja katikati yake, kwenda na kurudi. Kisha akageuza kiganja, akapitisha upande wa nyuma wa mkono, penye ngozi nyepesi.

"Mngoje nje kidogo," alisema.

* * *

Kijana wa tai alipewa kazi ya mapazia. Shuka za wodi zote zilikwenda karakana.

Kinyozi na mkewe walirudi nyumbani wakizungumza wote wawili kwa pamoja, na habari ilikuwa imewatangulia. Wenzake wa karakana walikuwa wameshafunua vyerehani na wanavitia mafuta bila kazi yoyote mezani, kwa furaha tu. Fundi baiskeli alikuja mlangoni, akasema, "Hongera Mama Yaani," na safari hii fundi aliitika, "Asante, shemeji," akampa mkono akautikisa sana. Bibi alikuwa amebandika sufuria kubwa kuliko kawaida. Kinyozi alisimulia ukumbi mzima, feni, chai, vicheko, akafika kwenye kijiko, akagusa mfuko wa shati na kukuta kijiko cha mwenyekiti bado kimo.

"Umeiba kijiko cha serikali," binti alisema.

"Nitakirudisha na shuka za kwanza."

Vicheko vilipotulia, fundi alivuta kiti, akakaa mbele ya mumewe.

"Haya. Wewe umeonaje?"

Kinyozi aliangaza macho chumbani akitafuta kifuniko. Kilikuwa juu ya sufuria, kikicheza kwa mvuke.

"Kifuniko kiko kazini," Bibi alisema kutoka jikoni. "Tumia mdomo."

"Saf—" kinyozi alianza, akajisikia, akaacha. Alikwangua goti la suruali. "Mwanzo uliongea haraka. Ile habari ya uzi ilikuwa ndefu, mhasibu alitazama saa. Mikono ilitulia, lakini uliposema mshono ilianza tena mkasi."

"Naam," mkewe alisema. Alikuwa ameinama mbele, anasikiliza kila neno.

"Na pale kwa Mama."

"Pale kwa Mama kuna nini?"

"Ulishajaribu kuniambia. Si mara moja. Unaanza, unafika kwenye yaani, na mimi nasema naelewa." Alitoa kijiko mfukoni, akakitazama, akakiweka mezani taratibu kisigonge. "Sikuwa naelewa. Halafu nikapewa kifuniko, nikakuzibia nacho palepale."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

"Baba," binti alisema kwa sauti ndogo, "unatakiwa umalizie na zuri."

"Hilo ndilo zuri lenyewe," fundi alisema.

Aliinuka akamkalisha Bibi kwenye kiti chake, yeye akakaa juu ya rundo la vitambaa, karibu na magoti ya mumewe.

"Siku ile Mama alipolazwa," alisema, "yaani..."

Kinyozi alifunga mdomo, akangoja kinachofuata.